Dolegowski na Wimbo wa Askari Laku

Siraji alikuwa vijei. Koboko, Uganda, ukisema vijei hakuna anayeuliza maana: ni yule mtu anayekaa kando ya skrini na kipaza sauti, sinema ya Wachina au ya Wahindi ikiwa inaendelea, akiwaeleza watazamaji kwa Kiswahili nani anamtafuta nani na kwa sababu gani. Lugha za sinema hizo Siraji hakuijua hata moja. Alisoma nyuso za watu, akasoma mikono yao, na palipobaki pengo akalijaza mwenyewe. Kazi hiyo ilimpa jina. Walikuwepo watu waliotoka Oraba, mpakani na Sudani Kusini, wakapita vibanda vingine viwili vya video njiani ili wamsikilize yeye.

Sinema zake alizipata kwa Martine, mama wa Kikongo aliyekuja kila siku ya soko kutoka Ariwara na mfuko wa flashi. Wiki hiyo Martine alimpa moja iliyoandikwa kwa wino neno moja tu: VITA.

"Hii iko ya nguvu?" Siraji aliuliza.

"Minajua wapi? Mutu ya Bunia alinipatia. Aliandika vita, basi ni vita."

Jumapili saa nane mchana mabenchi yalijaa, Siraji akafungua sinema. Haikuwa ya vita. Ilikuwa picha ya zamani, nyeusi na nyeupe, ya nchi yenye theluji, na ndani yake mzee mmoja aliyelinda njia ya reli isiyopitwa na treni. Dakika kumi zikaenda, hakuna aliyepigwa risasi. Chini ya skrini kulikuwa na maandishi ya Kifaransa, nacho Kifaransa Siraji alikijua kama alivyokijua Kichina. Watu wakaanza kunung'unika.

Siraji hakubabaika. Alivuta kipaza sauti karibu na mdomo. "Huyu mzee munaona amenyamaza, munafikiri iko mjinga? Amezika dhahabu chini ya reli! Na huyu mama jirani yake, anajifanya anafua nguo, kumbe iko jasusi!"

Watu wakatulia, wakaanza kumkodolea macho yule mama.

Mama akatoka nje kuanika mashuka. Upepo ukayavuta, naye akayakimbilia, na nyuma ya picha ikaanza kulia piano. Wimbo ulianza chini, ukapanda hatua tatu, ukasita, halafu ukapanda tena mahali ambapo sikio lilitarajia ushuke.

Siraji alikuwa ameshafungua kinywa. Akakifunga.

Wimbo huo aliujua. Shangazi yake, Mariam Poni, aliwalaza nao watoto wote wa ukoo, Siraji mwenyewe akiwa mmojawapo, na miaka ya karibuni aliwalaza nao watoto wa Siraji. Hapa piano iliunyoosha, ikaukata vipande, ikauzungusha na kuurudisha ukiwa na sura nyingine, lakini ulikuwa uleule.

"Vijei! Ongea!" mtu alipiga kelele.

"Ngojeni."

"Kipaza sauti imekufa?"

"Nimesema ngojeni!"

Kwa miaka kumi na moja ya kazi yake hakuwahi kuiacha sinema ijiendee yenyewe. Siku hiyo aliiacha. Watu walipotoka, wengine wakimcheka na wengine wakiuliza dhahabu iliishia wapi, yeye alibaki akirudisha majina yanayopita mwishoni. Alipoliona neno lililofanana na muziki, akasimamisha picha. Mbele yake kulikuwa na jina: Jan Dolegowski. Herufi moja ilikatwa na mstari, nyingine ilikuwa na mkia. Siraji alilinakili hivyohivyo, na mkia wake, nyuma ya boksi la sigara.

Asubuhi iliyofuata alimkuta shangazi yake uani, anamenya muhogo. Mariam Poni alikaribia miaka themanini, na masikio yake yalikuwa bado makali. Siraji akamwekea karibu simu aliyorekodia ule wimbo.

"Anti, sikia hii."

Kisu kikasimama juu ya muhogo. Wimbo ulipokwisha, Mariam alisema, "Rudisha." Siraji akarudisha. "Tena." Akarudisha tena.

"Nani anapiga?"

"Mzungu moja ya nchi ya theluji. Iko ndani ya sinema. Anti, hawa watu walichukua wimbo ya Babu!"

"Nani amekuambia iko ya Babu yako?"

Siraji alishangaa, akachezesha vidole gumba hewani kama mtu anayepiga vijino vya chuma vya kinanda kidogo cha mkononi. "Si alikuwa anapiga na lukembe? Si wewe unaimba?"

"Kupiga alipiga. Lakini yeye mwenyewe alisema hii wimbo iko ya wazungu ya Masindi."

Hapo ndipo Siraji alipoambiwa jambo ambalo hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kufikiri kumwambia. Babu yake, Laku, alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza, wakati wa vita vya Hitila. Hakupelekwa Bama kupigana na Wajapani kama wenzake. Aliumwa mguu, akapewa kazi ya kulinda kambi karibu na Masindi, na ndani ya kambi ile walikaa wazungu: akina mama na watoto, wamekonda kama fito, wengine bila viatu. Laku alikuwa hajawahi kumwona mzungu maskini. Mpaka anazeeka alikuwa akikumbuka na kutikisa kichwa.

"Sasa wimbo ilifika kwake namna gani?"

Mariam alikishika tena kisu. "Hiyo iko neno nyingine. Baba aliniachia nishike. Iko na mutu yake."

"Mutu gani, Anti?"

"Wewe nikikuambia utapeleka kwa kipaza sauti. Utatia dhahabu ndani, utatia majasusi." Habari za jana zilikuwa zimeshamfikia. "Tafuta kwanza huyu mutu anapiga. Nitamwambia yeye."

Siraji hakupata tena usingizi mzuri wiki ile. Alhamisi alipanda pikipiki yake akashuka Arua.

Alikwenda kwa Pasca, mwalimu wa muziki wa shule moja ya sekondari, ambaye Jumapili alipiga kinanda kanisani Ombaci. Walijuana kwa ugomvi. Mwaka juzi Pasca alikuja Koboko kuwa mwamuzi wa kwaya za shule, na spika za Siraji zikawafunika wanakwaya. Pasca alikaa mtaa wa Oli, upande wa mtoni, vyumba viwili, na kimoja kilikuwa karibu chote cha kinanda cha umeme.

"Wewe ndiye ulikuwa na zile spika," Pasca alisema mlangoni.

"Ni mimi, Madamu. Leo nimekuja na kitu nzuri."

Pasca alisikiliza amefumba macho. Kisha aliwasha kinanda, akajaribu, akakosea, akajaribu tena mpaka vidole vikashika njia.

"Huyu mtu anajua," alisema. "Hii ni jazi."

"Jazi?" Siraji alicheka. "Madamu, jazi mimi najua. Baba alikuwa na sahani za santuri. Jazi iko na magitaa na tarumbeta."

"Zile bendi zetu zilichukua jina tu. Hii ni ile yenyewe, ya Wamarekani weusi. Unachukua wimbo ambao mtu anaujua, unauvunja mbele yake, halafu unaujenga upya kwa namna ambayo hakutegemea. Wewe si unafanya hivyo na sinema za watu?"

Siraji alipenda kusikia hivyo, lakini Pasca alikuwa amekwisha kurudi kwenye kinanda. Alipiga mkono wa kushoto peke yake. Noti zilizunguka, fupifupi, zikikimbizana.

"Piano haipigwi hivi. Hivi ni vidole gumba viwili."

"Lukembe!"

"Lukembe. Lakini mkono wa kulia ni kitu kingine kabisa. Mwendo wake si wa huku kwetu. Na hapa, sikia." Alipiga mahali pale ambapo wimbo ulipanda. "Hii noti ni mbaya. Ilitakiwa kushuka. Mara ya kwanza nilidhani amekosea, lakini anarudia palepale kila mara. Mtu anayepiga vizuri namna hii, kwa nini akosee mahali pamoja?"

Wakalitafuta lile jina kwenye simu. Jan Dolegowski alizaliwa Poland mwaka elfu moja mia tisa thelathini na sita. Alikuwa mpiga piano, na alitunga muziki wa sinema arobaini na tatu. Kulikuwa na mahojiano marefu yaliyotafsiriwa kwa Kiingereza. Pasca alisoma na kueleza, Siraji akauliza, Pasca akarudi nyuma kusoma tena, na chai ikapoa bila mtu kuigusa.

Alikuwa na miaka minne wanajeshi wa Kirusi walipowapakia yeye na wazazi wake kwenye treni ya mizigo hadi Siberia. Baba hakutoka huko. Mama na mtoto walipita Uajemi, wakavuka bahari, wakaletwa Uganda, kwenye kambi karibu na Masindi. Mwaka wa kwanza tu mama akafa kwa homa. Mtoto akalelewa na wanawake wa kambi, akarudishwa Poland akiwa na miaka kumi na moja. Huko alisoma muziki shuleni, na jioni akapiga jazi kwenye chumba cha chini cha duka la mikate, kwa sababu wakubwa wa nchi siku zile hawakuutaka muziki huo na chini ya tanuri palikuwa na joto. Mwongozaji mmoja wa sinema aliteremka huko kuota moto. Alimsikia, akamwomba atie muziki kwenye picha yake.

Mwandishi alimuuliza hufanyaje kazi. Dolegowski alijibu kwamba huiangalia sinema bila sauti, mara nyingi, anatazama nyuso za watu mpaka ajue wanachokificha.

"Huyu mzee iko vijei," Siraji alisema.

"Ngoja. Hapa wanamuuliza wimbo wetu." Pasca alisoma polepole. "Anasema hivi: 'Wimbo ule si wangu. Umo katika sinema zangu nyingi, na watu wanausifu, lakini ni wa askari mmoja Mwafrika aliyenipigia nilipokuwa mgonjwa kambini. Jina lake Laku. Tangu hapo nimekuwa nikijaribu kuupiga kama yeye.'"

Siraji alisimama. Akakaa. "Laku ni babu yangu, Madamu."

"Lakini ulisema shangazi yako…"

"Anti anasema Babu aliutoa kwa wazungu."

Walitazamana. Huko Poland mzee mmoja alisema wimbo ni wa Koboko, na huku Koboko bibi mmoja alisema ni wa Wapolandi. Kila mmoja alikuwa akimpa mwenzake.

"Mtu aliyeutunga yuko wapi sasa?" Pasca aliuliza, na tangu saa ile jambo hilo likawa lake pia.

Waliandika barua pepe kwa binti wa Dolegowski, aitwaye Hanka, aliyetunza kazi za baba yake. Pasca aliandika Kiingereza, Siraji akasimama nyuma yake akiongeza maneno ambayo Pasca aliyafuta. Siku kumi na tisa hazikuleta kitu. Ya ishirini Hanka alijibu. Baba yake alikuwa hai, ana miaka themanini na minane, vidole vimekakamaa lakini kila asubuhi anapiga piano. Aliposomewa barua aliinuka kutoka kitini, akauliza kama wanatania. Angependa kumwona binti wa Laku, hata kwa simu ya picha, hata kesho.

Wakapanga Jumamosi saa nne asubuhi, nyumbani kwa Pasca. Mariam Poni alikataa pikipiki. Alikuja kwa gari la jirani, amevaa kitenge chake cha Idi. Kabla hajakaa mbele ya kompyuta alimgeukia Siraji.

"Maneno ya Baba alinipa kwa Kikakwa. Madamu iko Mlugbara, hawezi kusikia. Wewe utaleta kwa Kiswahili. Usiongeze kitu. Umesikia? Hata kidogo."

"Nimesikia, Anti."

Mzee alitokea kwenye skrini: nywele nyeupe, sweta ya kijivu, kifaa cha kusikia sikioni, na nyuma yake piano nyeusi. Hanka alikaa karibu naye. Maneno yalikuwa na safari ndefu. Mzee alisema Kipolandi, Hanka akatia Kiingereza, Pasca akaleta Kiswahili. Hata hivyo hakuna aliyechoka kungoja.

"Laku alikuwa na jino lililovunjika, hapa mbele," mzee alisema kwanza, akionyesha kwa kidole.

"Ndiyo. Ilivunjwa na mfuniko ya sufuria, huko jeshini," Mariam alijibu. "Huyo ni baba yangu."

Mzee alicheka, akafuta macho. Kisha bila kuombwa akageuka, akapiga wimbo wote. Alipomaliza, Mariam alitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Vizuri. Lakini sababu gani umeacha maneno?"

Ilichukua muda jibu kurudi. Pasca akatafsiri: "Anauliza, maneno gani? Laku hakuimba. Alipiga tu."

"Mbele yenu alikuwa na haya. Nyumbani aliimba."

Mariam akaimba. Sauti yake ilikuwa na mikwaruzo lakini haikuyumba. Maneno ya kwanza yalikuwa ya Kikakwa, ya kumwambia mtoto kwamba mbuzi wamelala na moto umelala. Halafu, kwenye ile noti iliyopanda, yakaja maneno ambayo Siraji aliyasikia maisha yake yote bila kuyajua. Utotoni wengine walisema ni Kinubi, wengine Kilingala, wengine ni mlio tu wa kubembelezea.

"Shipi yashu, shipi. Shipi yashu, shipi."

Hanka alianza kusema kitu, mzee akainua mkono kumnyamazisha. Akaomba yarudiwe. Mariam akaimba tena.

Hanka ndiye aliyezungumza, taratibu, na Pasca akatafsiri huku sauti yake ikipungua. "Anasema hayo ni maneno ya Kipolandi. Maana yake ni 'Lala, Jasiu.' Jasiu, hutamkwa Yashu, ni jina la Jan akiwa mtoto. Anasema hakuna mtu anayemwita baba yake hivyo. Hata yeye Hanka, hata marehemu mama yake, mke wa mzee, hawakuwahi."

Kisha mzee mwenyewe akauliza swali: nani alimfundisha Laku jina lile?

Mariam Poni alikunja mikono juu ya magoti. Alisema Kikakwa, sentensi moja, akangoja. Siraji akaitia Kiswahili, akangoja.

"Baba aliniambia: Poni, kulikuwa na mama mmoja aliyefua nguo karibu na lindo langu. Kila akifua aliimba wimbo mmoja, na mtoto wake amelala kando. Mama huyo hakujua kuimba. Mahali wimbo ulipotaka kushuka, yeye alipanda. Kila siku palepale. Mimi nilicheka moyoni.

"Halafu homa ikamchukua. Mtoto naye akaugua, akapona, lakini miezi miwili hakusema neno. Wanawake walimwimbia nyimbo nzuri, hakuwatazama. Mimi nikautafuta wimbo wa mama yake kwenye lukembe. Niliupiga kama alivyouimba. Alipokosea yeye, nami nikakosea. Siku ya tatu mtoto akaanza kugonga debe kwa vidole.

"Nilitaka kumwambia huu ni wimbo wa mama yako. Kipolandi sikujua, Kiswahili yeye hakujua. Wakaondoka. Poni, kama dunia itakukutanisha na mtoto huyo, mwambie."

Mariam akamaliza. Hapo ndipo Siraji alipohisi tabia ya kazi yake ikimsukuma. Pengo lilikuwepo, zito, na maneno ya kulijaza yalimjaa mdomoni: kwamba Laku alilia, kwamba mama yule alikuwa mzuri kama malaika. Akayameza. "Imekwisha hapo," alimwambia Pasca.

Maneno yakaenda mpaka Poland. Mzee aliyasikiliza ameegemeza kiganja kwenye ubao wa piano. Kisha akauliza jambo ambalo hakuna aliyelitegemea.

"Alikosea?" Hanka alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. "Anauliza, ni kweli mama alikuwa anakosea?"

"Kila siku," Mariam alisema. "Baba alicheka mpaka uzee."

Pasca akatafsiri tena: "Anasema kuna maprofesa wameandika vitabu juu ya noti ile. Wamemsifu kwa ujasiri wake. Yeye aliwaambia ni ya Afrika."

Mzee aligeukia piano. Alipiga mkono wa kulia peke yake, polepole, na pale mahali akashuka, kama wimbo ulivyotaka. Akasikiliza. Akatikisa kichwa, akapiga tena, na safari hii akapanda.

Kisha maswali yakaja mengi, kama ya mtoto. Nywele za mama zilikuwaje? Alikuwa mrefu? Alizungumza na nani? Hakuwa na picha ya mama yake; hata sura ilikuwa imemtoka. Mariam alijibu aliyoyajua. Alifunga kitambaa cha kijani kichwani. Alipenda kuzungumza na kuku wa kambi, akiwagombeza kama watu. Mengine alisema, "Baba hakuniambia," na kila aliposema hivyo mzee aliinamisha kichwa kumshukuru, kana kwamba hilo nalo ni jibu.

"Na umwambie tena hii," Mariam alimwambia Pasca. "Mwaka ya themanini sisi pia tulikimbia, tukakaa kwa kambi huko Sudani. Watoto yangu walikuwa na njaa, hawalali. Niliwaimbia hii wimbo. Majirani wakasikia, wakachukua, wakaimbia watoto yao. Mwambie mama yake amelaza watoto mingi."

Hanka aliyapeleka kwa baba yake.

Saa sita ilikuwa inakaribia. Mzee alikuwa amechoka, hata hivyo hakutaka kuaga. Alimwambia Hanka maneno machache, akimtazama Mariam.

"Anasema, maisha yake yote ameuambia ulimwengu kwamba wimbo huu ni wa Laku. Sasa anajua ni wa mama yake, na lukembe ya mkono wa kushoto tu ndiyo ya Laku. Anauliza, na Laku je? Wimbo wake mwenyewe ulikuwa upi?"

Mariam alijaribu kuukumbuka, hakuupata.

"Mwambie tutatafuta," alimwambia Pasca.

Ndani ya gari la kurudi Mariam aliutafuta wimbo mpaka walipopita Maracha. Alikuwa akivumisha kooni, anaanza kitu, anakiacha. "Kulikuwa na moja," alisema. "Iko na baiskeli ndani. Baba alipiga akikaa peke yake. Sisi watoto hatukuuliza, tulidhani anacheza tu." Lukembe yenyewe ilipotea mtoni waliporudi kutoka Sudani, hakuna aliyekumbuka ni mto gani.

Siraji akaanza kuuliza. Aliuliza baada ya swala ya Ijumaa, akauliza sokoni, akauliza kwa wake wa askari wa zamani waliouza dagaa. Hata kwenye kibanda chake, kabla ya sinema kuanza, alishika kipaza sauti akasema, bila kuongeza kitu, kwamba anamtafuta mtu yeyote aliyemsikia mzee Laku akipiga lukembe. Watu walicheka, wakidhani ni mwanzo wa hadithi. Siku ya tatu mwanamke mmoja alikuja kumwambia, "Enda kwa Nasuru. Walikunywa chai pamoja huko Sudani kila siku."

Nasuru alikuwa mwanajeshi wa zamani, naye sasa alikaa mchana kutwa mbele ya duka la mwanawe la vipuri vya bodaboda. Siraji alimwamkia kwa heshima, akaeleza shida yake.

"Laku Baiskeli!" Nasuru alisema. "Wewe iko mjukuu yake? Alinunua baiskeli mpya, siku ileile mvua ikanyesha, akaibeba kichwani mpaka nyumbani isilowe. Watu wakacheka. Yeye akatunga wimbo ya kujicheka."

"Mzee, bado unakumbuka?"

"Nikumbuke nini? Najua."

Wakaazima lukembe kwa fundi mmoja karibu na msikiti. Vidole gumba vya Nasuru vilikuwa vigumu, na mara mbili alisimama kuvikanda, lakini wimbo ulitoka: wa haraka, wenye vicheko ndani yake, unaoteleza kama gurudumu kwenye tope. Mariam Poni, aliyeletwa ahakikishe, alisimama mlangoni pa duka ameshika kiuno. Wimbo ulipofika katikati aliingia na maneno bila kujua kwamba anayajua.

Siraji alirekodi, Pasca akatuma. Jibu lilikuja baada ya siku nne. Mzee amejaribu tangu asubuhi hadi mchana, Hanka aliandika, na amekasirika kwa furaha. Mkono wa kulia unakataa kukaa pamoja na wa kushoto. Anaomba aulizwe yule bwana, kidole kipi kinaanza?

Siraji alikwenda na simu mkononi hadi dukani, akamsomea Nasuru swali lile neno kwa neno. Nasuru alitazama vidole vyake viwili, akavijaribu hewani.

"Cha kushoto," alisema. "Na mwambie asiharakishe. Tope iko mingi."